Kuanza Triathloni Ukubwani: Kazi Kubwa ni Kujizuia

Mtu mzima anayeamua kuanza triathloni huwa na hofu ileile: kwamba hana pumzi ya kutosha, hana misuli ya kutosha, na kwamba umri wa kuvipata vyote viwili umekwisha kumpita. Nimeshiriki mchezo huu kwa miaka kadhaa sasa kama mwanamichezo wa ridhaa, nikiwa na kazi ya kutwa na familia inayonisubiri jioni, na nimefanya mazoezi bega kwa bega na watu walioanza wakiwa na miaka thelathini, arobaini, hata sitini. Kwa niliyoyaona, wachache sana walikwama kwa kukosa nguvu. Wengi walikwama kwa sababu waliitumia nguvu waliyonayo mapema mno: walipiga maji kwa fujo katika mita mia za mwanzo, walikanyaga pedeli kana kwamba hakuna kukimbia mbele yao, au waliongeza kilomita za mazoezi haraka kuliko kano zao zilivyoweza kustahimili.

Jambo la kwanza la kujizuia nalo ni umbali. Triathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, bila saa kusimamishwa hata unapobadilisha viatu, na urefu wake hutofautiana sana. Umbali mfupi unaojulikana zaidi ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia. Ule wa Olimpiki ni mara mbili yake, yaani kilomita 1.5, 40 na 10. Halafu yapo mashindano marefu yaitwayo Ironman: nusu yake, yenye kilomita 1.9, 90 na 21.1, na Ironman kamili, yenye takriban kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na mbio nzima ya marathoni. Baadhi ya waandaaji huweka pia umbali mdogo zaidi kwa ajili ya wanaoanza. Ushauri wangu ni kuanzia hapo, au kwenye ule wa mita 750, na kukaa hapo kwa msimu mzima.

Najua kwamba ushauri huo hauwavutii wengi, kwa sababu wanaoingia katika mchezo huu mara nyingi wamevutwa na picha za Hawaii. Ironman ya kwanza ilifanyika huko, katika kisiwa cha Oahu, Februari 1978. Walianza watu 15, wakamaliza 12, na Gordon Haller akashinda kwa saa 11 na dakika 46. Kinachosahaulika ni kwamba mchezo wenyewe ulikuwa umekwisha kuzaliwa kabla ya hapo, tarehe 25 Septemba 1974, huko Mission Bay mjini San Diego, pale Jack Johnstone na Don Shanahan walipowakusanya washiriki 46 kwa mashindano ya jioni ambayo sehemu yake ya kuogelea ilikuwa yadi 500 tu kwa jumla, tena kwa vipande. Miongoni mwa washiriki hao walikuwamo John na Judy Collins, ambao ndio waliokuja kuanzisha Ironman. Waasisi wa umbali huo mrefu, basi, nao walianzia kwenye ule mfupi, na sioni kwa nini mtu ambaye jana alikuwa hajui kuweka uso majini ajione mkubwa kuliko wao.

Kuhusu umri, sina haja ya kusema mengi. Mtawa wa Kimarekani, Madonna Buder, alishiriki triathloni yake ya kwanza akiwa na miaka 52, na mwaka 2012 alimaliza Ironman nchini Kanada akiwa na miaka 82. Mashindano yenyewe yamepangwa kwa kuzingatia umri, kwani washiriki wa ridhaa hugawanywa katika makundi ya miaka mitano mitano, kwa hiyo mwenye miaka 47 hushindana na wa kati ya 45 na 49. Hata hivyo, umri unadai jambo moja lisilo na mjadala: kabla ya kuanza, muone daktari akupime moyo na shinikizo la damu, hasa ikiwa umepita miaka arobaini, umekaa muda mrefu bila mazoezi, au katika ukoo wenu kuna historia ya maradhi ya moyo. Vifo vya ghafla ni nadra katika mchezo huu, lakini vinapotokea, vingi hutokea wakati wa kuogelea, na mara nyingi moyo huhusika. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda mbio bila mpangilio si mambo ya kuvumilia hadi mwisho wa zoezi.

Sasa nije majini, ambako ndiko nitakakokaa muda mrefu, kwa kuwa ndiko mtu mzima anakopata tabu kubwa zaidi.

Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara mia nane. Maana yake ni kwamba mtu anayejaribu kuyashinda kwa nguvu anapigana na kitu kisichochoka, na kadiri anavyoongeza kasi ndivyo maji yanavyozidi kumkataa. Mkimbiaji mzuri mwenye mapafu imara anaweza kuingia bwawani na kuhema baada ya mita 25, ilhali mzee mwenye kitambi kwenye njia ya pili anakwenda na kurudi kwa nusu saa bila kubadilisha sura. Tofauti yao haiko kwenye pumzi. Iko kwenye namna mwili ulivyolala juu ya maji, na kwenye namna hewa inavyotoka.

Tuanze na hewa. Anayejifunza ukubwani karibu daima huizuia pumzi uso unapokuwa majini, kisha, anapogeuza kichwa, hujaribu kutoa na kuvuta kwa mkupuo mmoja katika nafasi ya chini ya sekunde. Haiwezekani. Kinachomfanya ahisi anakabwa, mwanzoni, ni kabonidayoksaidi iliyojaa mapafuni na katika damu, wala si ukosefu wa oksijeni; mwili hupiga kengele kwa kupanda kwa hewa hiyo chafu muda mrefu kabla ya oksijeni kupungua kwa kiasi cha hatari. Dawa yake ni kutoa hewa wakati wote uso uko chini ya maji, polepole, kwa pua na mdomo, mpaka usikie viputo vikipita masikioni bila kukatika, ili kichwa kinapogeuka kibaki na kazi moja tu ya kuvuta. Mazoezi ya jambo hili hufanyika kwenye kina kifupi, umesimama, umeshika ukingo wa bwawa: uso ndani, viputo, geuza kichwa, vuta, rudi. Mwenzangu mmoja wa mazoezi, mama aliyeanza akiwa amepita miaka hamsini, alifanya hivyo tu kwa wiki kadhaa huku wenzake tuliokuwa tunahesabu mizunguko tukimwonea huruma. Alipoanza kuogelea mita mia, aliziogelea bila kusimama, na huruma yetu ikageuka kuwa jambo jingine.

Baada ya hewa, mwili. Kichwa kinapoinuliwa kutazama mbele, kiuno na miguu huzama, na mwogeleaji anakuwa anaukokota mwili ulioinama. Tazama chini, sakafu ya bwawa, shingo ikiwa imelegea. Miguu ipige kidogo tu, kutoka nyongani, kwa kuwa misuli mikubwa ya mapaja hula oksijeni nyingi na kurudisha mwendo mdogo, na isitoshe utaihitaji miguu hiyo baada ya muda mfupi. Hesabu ni mara ngapi unapiga mikono kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na uifurahie hesabu hiyo inapopungua zaidi kuliko unavyofurahia saa. Ikiwa mtindo huru, ule wa kupiga mikono kwa zamu, umekushinda kwa sasa, kanuni za triathloni kwa kawaida hazikuzuii kuogelea mtindo wa chura. Jambo ambalo sikubaliani nalo ni mtu mzima kujifundisha kuogelea peke yake kwa video. Mwalimu anayekutazama kwa nusu saa ataona kosa ambalo wewe mwenyewe hutalihisi kwa mwaka mzima. Ikiwa una fedha kidogo za kutumia katika mchezo huu, zitumie kwake kabla ya kitu kingine chochote.

Ziwani au baharini mambo hubadilika tena. Hakuna mstari chini wa kukuongoza, hakuna ukingo wa kushika, na watu wanakugusa miguu. Kila baada ya mipigo kadhaa ya mikono, inua macho kidogo tu juu ya uso wa maji, tafuta boya, kisha rudisha uso na uvute hewa kwa upande kama kawaida. Anayejaribu kutazama na kupumua kwa pamoja hunywa maji. Maji ya baridi huwa na mshtuko wake: kifua hubana, pumzi hukatika vipande vipande, na akili hupiga kelele kwamba utoke. Hali hiyo hupungua ndani ya dakika chache ukiipa nafasi. Kwa hiyo ingia mapema kabla ya kipenga, lowesha uso na shingo, toa viputo, na usianze kupiga mikono mpaka pumzi itulie. Kwenye mashindano, simama pembeni au nyuma ya kundi, uwaache wenye haraka waende. Kanuni zinaruhusu kushika boya au kayaki ya waokoaji na kupumzika, alimradi usiitumie kusogea mbele, na kuinua mkono kuomba msaada si aibu. Kwenye mazoezi, maji ya wazi hayaingiwi peke yako. Kila mara awepo mwenzako, na ufunge kiunoni boya dogo la rangi kali ili waendesha boti wakuone.

Kwenye baiskeli, mtu mzima hujisikia nyumbani, na hapo ndipo hatari ya pili inapoanza. Amekwisha kutoka majini salama, ana furaha, na miguu ni mipya. Anaikanyaga. Hesabu ya upepo, hata hivyo, haina huruma: kwenye barabara tambarare, kazi kubwa ya mwendesha baiskeli ni kuipasua hewa, na nguvu inayohitajika kuishinda hewa hiyo hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Ukitaka kuongeza mwendo kwa asilimia 10, utalipa nguvu zaidi kwa takriban theluthi nzima. Katika kilomita 20, malipo hayo yanakupa dakika chache, na mara nyingi hurejeshwa zote, pamoja na riba, kwenye kilomita 5 za kukimbia. Kipimo ninachokiamini ni mdomo: ikiwa kwenye baiskeli huwezi kusema sentensi fupi bila kukatika, umekazana mno. Tumia gia nyepesi, miguu izunguke mara 80 hadi 90 kwa dakika, na kwenye mlima badilisha gia kabla hujalemewa.

Baiskeli yenyewe isikusumbue kichwa. Yoyote iliyo nzima, yenye breki zinazoshika na tairi zilizojaa, inatosha kwa mwaka wa kwanza. Kilicho muhimu kuliko bei ni urefu wa kiti: keti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na goti linyooke, ukirudisha sehemu ya mbele ya mguu kwenye pedeli, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa kwa kuanzia. Magoti mengi yanayolaumiwa kwa uzee yanaumizwa na kiti kilichoshushwa mno. Jifunze pia kubadilisha tyubu iliyotoboka, nyumbani, mchana, bila haraka, kwa sababu kanuni haziruhusu msaada kutoka kwa mtu wa nje, na rafiki yako aliyesimama kando ya barabara na pampu ni mtu wa nje. Kanuni nyingine inayowashangaza wageni ni ile ya kutomfuata mwenzako kwa karibu ili kujikinga na upepo: katika mashindano mengi ya ridhaa unatakiwa kuacha nafasi, kwa kawaida mita 10 katika umbali mfupi, na mwamuzi anayepita na pikipiki anaweza kukupa adhabu ya muda. Soma kanuni za mashindano yako, kwa kuwa baadhi huruhusu.

Kutoka baiskeli hadi kukimbia ndiko kunakoifanya triathloni kuwa mchezo mmoja badala ya mitatu. Unashuka, unaweka baiskeli, unavaa viatu, na miguu unayoikimbiza si yako. Mapaja ni mazito, hatua ni fupi, mgongo wa chini umekaza kwa kuinamia usukani. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba kipimo chako cha ndani cha mwendo kimepotea. Miguu iliyozoea mzunguko wa haraka wa pedeli huendelea kwenda haraka, nawe ukijiona unajikokota kumbe unakimbia kwa kasi ambayo huwezi kuidumisha. Ndiyo maana zoezi la kukimbia mara tu baada ya baiskeli ni la lazima, japo si lazima liwe refu. Mara moja kwa wiki, ukishamaliza safari yako ya baiskeli, kimbia dakika kumi hadi kumi na tano, ukijilazimisha kwenda polepole kuliko miguu inavyotaka. Baada ya majuma machache utagundua kwamba uzito ule huisha wenyewe, na kwamba kazi yako ni kuusubiri tu.

Kukimbia kwenyewe ndiko kunakojeruhi zaidi, hasa watu wazima ambao wamekwisha kupata pumzi kwa kuogelea na kuendesha baiskeli. Moyo na mapafu huimarika ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huhitaji miezi. Kwa hiyo hufika siku ambapo kifua kinasema twende kilomita kumi, wakati kano ya kisigino na mifupa ya miundi bado iko kwenye kilomita nne, na kifua hushinda mjadala kwa sababu ndicho chenye sauti. Ukimbie mara mbili au tatu kwa wiki, kwa mwendo ambao ungeweza kuzungumza na mwenzako, ukichanganya na kutembea bila kuona haya, na uongeze kidogo kidogo. Maumivu yanayobaki mahali pamoja na yanayozidi kila siku yanadai mapumziko. Uchovu wa kawaida wa misuli hauna anwani maalumu.

Ratiba ya mtu mwenye kazi na familia inaweza kukaa ndani ya saa tano au sita kwa wiki: kuogelea mara mbili, baiskeli mara mbili, kukimbia mara mbili, na siku moja ya kutofanya lolote. Ikibidi kukata, kata urefu wa zoezi kabla ya kukata idadi, hasa kwenye kuogelea, kwa maana ujuzi wa majini hupotea upesi kwa anayeanza. Usingizi uhesabiwe kuwa ni zoezi. Kuhusu chakula, mashindano ya saa moja na nusu hayahitaji mengi zaidi ya mlo uliouzoea uliokula saa mbili au tatu kabla, na maji kwenye chupa ya baiskeli. Kwa muda mrefu zaidi, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa ndicho kiasi kinachopendekezwa kwa kawaida, na tumbo lifundishwe kukipokea wakati wa mazoezi. Kunywa kwa kiu. Kujaza maji kupita kiasi hushusha kiwango cha chumvi katika damu, na hilo huweza kuwa hatari kuliko kiu yenyewe.

Siku ya mashindano, eneo la kubadilishia vifaa ndilo linalowatisha wageni, na bila sababu. Utapewa nafasi ndogo kwenye fito la kutundikia baiskeli. Tandika taulo dogo kando ya tairi. Weka viatu mbele yake, midomo wazi, vikiwa na kamba za mpira zisizohitaji kufungwa, na mkanda wa namba juu yake. Kofia ngumu ikae juu ya usukani, ikiwa imegeuzwa chini juu, mikanda ikining'inia nje. Kisha tembea kutoka mahali pa kutokea majini hadi kwenye baiskeli yako na uhesabu safu, kwani utakaporudi ukiwa unahema na baiskeli mia mbili mbele yako, zote zitafanana. Kofia huvaliwa na kufungwa kabla ya kuigusa baiskeli, na hufunguliwa tu baada ya baiskeli kutundikwa tena; baiskeli hupandwa baada ya mstari uliochorwa na hushukiwa kabla ya mstari mwingine. Ukizishika kanuni hizo na ukifanya kila kitu kwa mwendo wa kawaida, hutapoteza zaidi ya dakika moja kwa anayerukaruka.

Baada ya mashindano utapata karatasi ya matokeo yenye nyakati tano: kuogelea, kubadilisha kwa kwanza, baiskeli, kubadilisha kwa pili, na kukimbia. Usianze kwa kutazama nafasi yako. Tazama muda wa kukimbia na uulinganishe na muda unaokimbia umbali huohuo ukiwa hujachoka. Ikiwa tofauti ni ya dakika moja au mbili, ulijizuia ipasavyo na unaweza kuongeza kidogo kwenye baiskeli safari ijayo. Ikiwa ni dakika sita au saba, tatizo haliko kwenye kukimbia kwako, na kuongeza mazoezi ya kukimbia hakutalitatua: jiandikishe kwenye umbali uleule kwa mara nyingine, na baiskeli uipunguze.